Somo Alilokosa Wifi

Jumatano, 10 Septemba

Nimerudi shule nikiwa na miaka thelathini na sita, na aliyeketi kushoto kwangu ni wifi yangu Lonneke. Hili la pili ndilo linaloniuma.

Wazo ni la Baba. Novemba anatimiza sabini na anataka kupumzika. Mashamba ya maua ya tulipu amekwisha kumpa kaka yangu Jelmer, na hilo halina mjadala, Jelmer akipanda trekta hashuki. Kilichobaki ni vyumba vya baridi, vile vinne ambamo matunguu ya tulipu hulazwa kwenye trei yaote mizizi kabla ya kupelekwa banda la kioo kuchanua. Nimevitunza miaka kumi na tano. Kila asubuhi naingia, nanusa, naangalia kipimajoto, natoka. Nikisikia uchachu najua kuna tunguu lililooza, na mara nyingi najua liko upande gani. Nilidhani vyumba ni vyangu tayari, bado kuandikiana tu.

Basi Jumapili, kwenye kahawa ya baada ya ibada, Baba akasema: "Siku hizi vyumba havitaki pua. Vinataka mtu anayejua kuzungumza na kompyuta. Maktaba ya Emmeloord wanafundisha bure, Jumatano asubuhi, masomo kumi na mawili. Nendeni wote wawili. Sikukuu ya Sinterklaas ikishapita, tarehe tano Desemba, nitasema nani anashika vyumba na naandikiana na nani ubia."

"Wote wawili nani?" nikauliza.

"Wewe na Lonneke."

Lonneke ameolewa na Jelmer mwaka wa pili huu. Katoka Utrecht, alikuwa akiuza miwani. Alipofika shambani alinunua mabuti ya mpira meupe. Meupe, kwenye tope la huku!

Mwalimu ni Bwana Ruurd, mstaafu wa posta. Lugha yenyewe inaitwa Python, na ametuambia kwa majivuno kwamba ilianza kutungwa na Mholanzi mwenzetu, Amsterdam, wakati wa likizo ya Krismasi. Leo tumeifundisha kompyuta kutamka majina yetu. Unaandika neno la amri, mabano, alama za kunukuu, na jina lako ndani. Yangu ilikataa mara tatu kwa kuwa nilisahau kufunga mabano. Ya Lonneke ilisema "Habari, Lonneke" mara ya kwanza. Akajipigia makofi.

Jumatano, 17 Septemba

Somo la pili, kuipa namba jina. Unaandika joto = 5, na tangu hapo kompyuta inajua kwamba joto ni tano mpaka uibadilishie. Hili nimelipenda. Lonneke aliuliza maswali manne, yote mazuri. Nimeyahesabu.

Jumatano, 24 Septemba

Mvua na upepo. Baiskeli ilipata pancha njiani, Lonneke akatokea na gari akasimama. Nilikataa kupanda. Nimefika nimelowa chapachapa na somo limekwisha anza.

Jumatano, 1 Oktoba

Leo masharti. Kama joto limezidi saba, piga kelele; la sivyo, nyamaza. Ni rahisi kuliko nilivyoogopa, ni kama karatasi ya maagizo ninayowabandikia vibarua mlangoni. Tatizo ni nafasi. Mstari ulio chini ya sharti lazima uingizwe ndani, nafasi nne. Usipouingiza, kompyuta haijui kwamba ni wa sharti lile, na inagoma kazi yote.

Yangu iligoma. Nilitazama hadi macho yakaniuma. Lonneke akainama upande wangu, akaninong'oneza, ila mnong'ono wa mtu aliyezoea kuuza dukani husikika hadi barabarani:

"Wifi, mstari wako umebaki nje kwenye mvua. Uingize ndani, maskini."

Darasa zima likacheka, hata Hessel muuza jibini, ambaye hajaandika mstari mmoja bila kosa tangu tuanze. Nilicheka nao. Nikauingiza mstari ndani, programu ikafanya kazi, na nikamchukia Lonneke kwa dakika kama arobaini hivi.

Jumatano, 8 Oktoba

Kitanzi. Kazi ileile, mara mia, bila kulalamika. Lonneke alimaliza zoezi kabla mwalimu hajamaliza kulieleza.

Jumapili, 12 Oktoba

Nyumbani kwetu mkebe wa biskuti huzunguka mara moja tu, kisha unafungwa. Ndivyo ilivyokuwa enzi za Mama, Mungu amrehemu, na ndivyo ilivyo. Leo Baba aliufungua mara ya pili kwa ajili ya Lonneke.

"Chukua, mwanangu, umeifanyia kazi," alisema. Kisha akanigeukia. "Ametengeneza programu inayojumlisha trei za vyumba vyote vinne. Unapepesa jicho, jumla hii hapa. Wewe huwa unatumia muda gani?"

"Asubuhi nzima, Baba."

"Unaona?"

"Naona."

Jelmer akacheka na kusema angejua angeoa kompyuta moja kwa moja asipoteze muda. Lonneke akampiga na kitambaa cha meza.

Naona wivu. Naandika hivyo hivyo kwa kuwa humu hasomi mtu. Nina miaka thelathini na sita na naona wivu wa biskuti.

Jumatano, 22 Oktoba

Lonneke alileta keki ya tufaha darasani. Mwalimu alikula vipande viwili akamwita "binti yangu". Wa kwetu sasa amekuwa wa wote.

Jumatano, 29 Oktoba

Leo ni mimi! Tulipewa orodha ya namba, tutafute iliyo kubwa kuliko zote. Nimemaliza wa kwanza, mistari mitano, haina kosa. Mwalimu aliionyesha darasa zima. Lonneke akaniambia, "Hongera, wifi. Hebu nifundishe, mimi yangu imenikwama." Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Sikuiona, na hilo nalo likanikera.

Jumatano, 5 Novemba

Baba alikuwa na miadi na daktari wa macho, Zwolle. Miaka yote nampeleka mimi. Jana mezani alisema, "Wewe usikose darasa, Lonneke atanipeleka. Mambo ya macho anayajua." Kwa hiyo leo kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, na nikasoma kwa raha ambayo sijaipata tangu Septemba.

Somo la tisa ni kusoma namba kutoka kwenye faili, na lina mtego mmoja mkubwa. Chochote kompyuta inachokisoma kutoka kwenye faili inakichukua kama maneno, hata kikiwa namba. Lazima ukigeuze kuwa namba kwa amri yake. Usipokigeuza na wewe ukaandika saba yako ndani ya alama za kunukuu, italinganisha kama majina kwenye daftari la mahudhurio, herufi ya kwanza kwa herufi ya kwanza. Ukiiuliza kama 9 inazidi 7, itasema ndiyo. Ukiiuliza kama 12 inazidi 7, itasema hapana, maana 12 inaanza na moja, na moja iko kabla ya saba. Na haigomi wala haitoi onyo, inakosea kimyakimya.

Bwana Ruurd aliniita ubaoni niwaeleze wenzangu, nikaeleza. "Sawasawa kabisa, Aukje." Nimerudi na baiskeli nikiimba.

Alhamisi, 6 Novemba

Lonneke alinikuta chumba cha pili nimeinamia trei.

"Wifi, jana mmesoma nini? Kuna kitu kikubwa kimenipita?"

"Kusoma faili tu," nikasema. "Si kikubwa. Utaelewa mwenyewe, wewe si mwepesi?"

"Basi nitaangalia kitabu." Akasimama kidogo. "Macho ya baba hayana neno, usiwe na wasiwasi. Presha ya jicho imeshuka."

Sikuwa nimeuliza kuhusu macho ya Baba.

Jumatatu, 10 Novemba

Lonneke amemaliza programu ya ulinzi. Kila saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni itasoma vipimajoto vya vyumba vinne, na chochote kikizidi nyuzi saba itatuma ujumbe kwenye simu zetu zote. Ili kuijaribu alichukua kipimajoto kimoja akakiweka ndani ya friji ya jikoni, ile kuukuu ambayo kila siku inacheza kwenye nyuzi nane. Tukasimama wote mbele ya friji kama watu wanaosubiri gari moshi. Akabonyeza. Simu nne zikalia pamoja.

Jelmer alimnyanyua juu. Baba alivua miwani akaifuta, kisha akafuta na macho.

Mimi nilikuwa nyuma yao, na skrini ilikuwa wazi. Mistari ishirini na mbili. Wa tisa unasoma faili. Wa kumi unalinganisha na saba, na hiyo saba iko ndani ya alama za kunukuu. Pale katikati, ilipotakiwa ile amri ya kugeuza, hakuna kitu. Niliona mara moja, sikuhitaji hata kusogea karibu. Nane imezidi saba, sawa, simu zimelia. Tisa nayo italia. Kumi haitalia. Kumi na tano haitalia.

"Unasemaje, wifi?" Lonneke aliuliza, uso unang'aa. "Iko sawa?"

"Iko sawa," nikasema. "Simu si zimelia?"

Nitamwambia kesho, furaha ikipoa.

Jumatano, 12 Novemba

Sikumwambia. Darasani alinigawia nusu ya mkate wake wa jibini.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo nilitaka kusema. Nilikuwa nimekwisha panga na maneno. Tukiwa kwenye kahawa ya saa nne Baba akasema:

"Kesho ni sherehe yangu, kesho kutwa Jumapili. Mpaka Jumatatu hakuna mtu kuingia vyumbani. Tuipe mashine nafasi tuone kazi yake. Aukje, nipe ufunguo."

"Baba, mimi nikiingia dakika tano tu..."

"Kwa nini? Unamwonea wivu mwenzio?"

Alisema hivyo mbele ya Jelmer na vibarua wawili. Nikautoa ufunguo mfukoni nikauweka mezani, na maneno yangu nikayameza na kahawa.

Jumamosi, 15 Novemba

Baba ametimiza sabini. Viti vyote vya nyumba vilipangwa duara sebuleni, na kila aliyeingia alizunguka akimpa mkono kila aliyeketi: hongera kwa baba yako, hongera kwa mkweo, hongera kwa kaka yako. Shangazi Baukje alipomfikia Lonneke hakumwachia mkono. "Na hongera kwa vyumba. Nasikia mashine yako inalinda kuliko mbwa."

"Bado, shangazi, bado," Lonneke akasema, na akanitazama. Aliona haya kwa niaba yangu, na nilitamani angejisifu tu.

Kabla ya wageni kuondoka tuliokota majina ya Sinterklaas, kama kila mwaka. Unaokota jina la mtu, unamwandalia zawadi na shairi la kumtania, husemi ni wewe, unasingizia Sinterklaas, na yeye lazima alisome kwa sauti mbele ya wote. Nimeokota Lonneke.

Jumapili, 16 Novemba

Hatufanyi kazi Jumapili. Simu ya Lonneke iko kimya na kila saa anaitazama na kutabasamu. Sikumaliza chakula.

Jumatatu, 17 Novemba

Niliisikia harufu kabla mlango wa chumba cha tatu haujafunguka wote. Haikuwa ya kuoza. Ilikuwa ya majani mabichi, nzuri kabisa, ila mahali pasipotakiwa kabisa. Joto likanipiga usoni. Kipimajoto cha ukutani kilisoma nyuzi kumi na tatu, na feni ilikuwa imesimama. Mtambo wa baridi wa chumba hicho ulizima Ijumaa baada ya sisi kufunga.

Vichipukizi ambavyo Ijumaa vilikuwa urefu wa ukucha vilikuwa vimeruka, vyeupe, vimepinda, vingine nusu kidole, vingine zaidi. Nilivuta tunguu moja, mizizi ikaniachia mkononi. Trei elfu moja na mia mbili, maua yote ya Krismasi. Matunguu hayo hayatatoa ua tena, yatatoa majani matupu.

Baba alisimama mlangoni kashika fremu. Hakuingia. Jelmer alisema neno ambalo Baba huwa hamruhusu kulisema, na leo hakumkataza.

Lonneke alikuja mbio na mabuti yake, kompyuta kaikumbatia. Akaifungua juu ya trei, akasoma kumbukumbu, na nikaona uso wake unapauka. "Jumamosi asubuhi kumi nukta nane," akasema. "Jioni kumi na moja na nusu. Jumapili asubuhi kumi na mbili. Iliona. Imeona mara tano na haikusema."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilijua ni nani mwingine aliyeona na hakusema. Nilifungua mdomo, naapa niliufungua.

"Kosa ni langu, baba," Lonneke akasema. Hakungoja aulizwe, wala hakuusingizia mtambo wala fundi aliyeufunga. "Ni langu peke yangu. Sijui nimekosea wapi, lakini nimekosea."

Baba aliiachia fremu. Kisha akasema, bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Lonneke zaidi: "Pua ya Aukje ingejua Jumamosi asubuhi." Akauchukua ufunguo mfukoni, akanirudishia. "Nilikosea. Vyumba ni vyako. Tukishamaliza Sinterklaas tutakwenda kwa wakili, mimi na wewe."

Nikaupokea.

Jumanne, 18 Novemba

Nimepata nilichokitaka. Nimekiandika hapa ili nikione.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya nne tunatoa trei chumba cha tatu na kumwaga kwenye lundo la mboji. Lonneke anabeba bila glavu, habebeshwi, anabeba mwenyewe, na mapumziko hachukui. Jelmer kamwambia aache, kamjibu, "Niache, Jelmer." Mabuti si meupe tena. Nilidhani siku nitakayoyaona hivyo nitacheka.

Jumatano, 26 Novemba

Somo la mwisho. Sikwenda, nilisema nina kazi. Lonneke alikwenda peke yake na kompyuta yake. Aliporudi alipita mlangoni kwangu, akanitazama kwa kitambo, akaenda zake bila salamu. Labda alikuwa amechoka tu.

Jumapili, 30 Novemba

Nimejaribu kutunga shairi la Lonneke. Ubeti wa kwanza ulikuja wenyewe, wa mabuti, kwa kuwa kumtania ni kazi ninayoifanya kichwani tangu mwaka juzi. Baada ya hapo kalamu ikagoma.

Nitaandika ukweli. Nilidhani nikishapata vyumba wivu utaniacha. Haujaniacha hata kidogo, umehama tu. Sasa simwonei wivu kwa kompyuta wala kwa biskuti. Namwonea wivu kwa maneno matatu, "kosa ni langu", aliyoyasema mbele ya watu wote kwa kosa ambalo nusu yake si lake, na mimi nusu yangu siwezi kuitamka hata jikoni nikiwa na paka. Yeye kakosa vyumba na bado ananishinda.

Beti mbili za mwisho nimeziandika kwa haraka, bila kuzisoma tena, nikakunja karatasi na kuifunga pamoja na zawadi. Mimi siwezi kusema, basi na asome yeye kwa mdomo wake. Ni uoga huo, najua.

Ijumaa, 5 Desemba

Tulianza saa kumi na moja jioni, sisi wanne tu na Shangazi Baukje. Baba alitangulia kusoma shairi lake, la mkebe wa biskuti, akacheka mpaka akakohoa. Jelmer akafuata. Kisha zamu ya Lonneke. Akafungua kifurushi, mabuti mapya ya rangi ya udongo, akayainua juu watu wakacheka, akakunjua karatasi, akasoma:

"Bibi wa buti jeupe
asiyejua udongo,
na kompyuta humtii
bila kumpa usongo..."

"Aliyeandika ni Jelmer!" Shangazi akapiga kelele. "Huyo ni Jelmer kabisa!"

Lonneke alikuwa akicheka. Macho yake yakashuka kwenye ubeti wa pili, na kicheko kikakatika. Niliona macho yanakwenda hadi chini, yanarudi juu, yanakwenda tena. Kisha akaikunja karatasi mara mbili.

"Imekwisha," akasema. "Sinterklaas mwaka huu mvivu."

"Haijaisha," Baba akasema. "Naona maandishi upande wa chini. Soma yote, ndiyo desturi."

"Pamemwagikiwa na kahawa, baba. Hapasomeki."

Akaiweka karatasi mapajani, akaifunika kwa mkono. Alikuwa ananisitiri. Ningepaswa kushukuru. Badala yake wivu ulinipanda kifuani kuliko siku zote za msimu huu, maana hata hili anaweza, na mimi ndiyo nimekaa nangoja mtu mwingine anisomee dhambi zangu. Nikanyanyuka, nikavuka zulia, nikaichomoa karatasi chini ya kiganja chake. Hakuing'ang'ania. Nikasoma nikiwa nimesimama:

"Ulipokosa darasa
kuna aliyekuficha,
akakwambia 'hakuna',
na kosa akaliacha.

Si wewe uliyekosa,
wala si mashine yako.
Wifi ndiye alijua,
kwa wivu wa sifa zako."

Shangazi Baukje alitazama kikombe chake.

"Uliliona lini?" Baba akauliza.

"Siku ya friji."

"Kabla ya sherehe yangu?"

"Siku tano kabla."

"Na ufunguo nilipokunyang'anya?"

"Nilijua, Baba."

Akanyanyuka, akavaa koti, akatoka nje kuelekea banda la kioo. Jelmer akamfuata, na aliponipita hakunitazama.

Nilimgeukia Lonneke. "Ulikuwa na haja gani ya kunisitiri?"

"Sikukusitiri wewe." Sauti yake ilikuwa baridi, sijawahi kuisikia hivyo. "Nilimsitiri yeye, mzee wa watu, leo sikukuu. Mimi nilijua tangu Jumatano ile. Mwalimu aliniambia, hili tulilisoma somo la tisa, tena Aukje ndiye aliyelieleza ubaoni vizuri. Siku tisa nimekungoja useme. Siku tisa, wifi. Nimebeba trei zile nikijiita mjinga, na wewe ulikuwa upande wa pili wa trei hiyohiyo."

Nikasema, "Kosa ni langu." Lilitoka dogo, na limechelewa, lakini lilitoka.

"Ndiyo," akasema. "Ni lako."

Jumamosi, 6 Desemba

Baba aliniita jikoni baada ya kifungua kinywa. Hakupandisha sauti.

"Hakuna anayevijua vyumba vile kama wewe," alisema. "Lakini mtu anayeona na kunyamaza siwezi kumwachia. Lonneke atavishika. Wakili ataandika jina lake. Wewe kazi yako ipo, ukitaka."

"Nataka, Baba."

Akasukuma mkebe wa biskuti upande wangu, ukiwa umefungwa. Sikuufungua.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua ya kutwa. Hakuna darasa tena, na saa ya darasa ilipofika nilijikuta sijui pa kukaa. Nikaenda ofisi ndogo iliyo kati ya chumba cha pili na cha tatu. Lonneke alikuwa mezani, programu yake wazi, kwenye kiti ambacho nimekikalia miaka kumi na tano. Ile amri ya kugeuza sasa ipo, mstari wa kumi. Hatujazungumza tangu Ijumaa, zaidi ya trei ngapi na ziende wapi.

Nilichukua daftari langu nikawa naondoka. Ndipo nikaona. Sikuwa natafuta. Mstari wa kumi na nne: kipimajoto kikiishiwa betri, hakitumi kitu, na programu itaendelea kuisoma namba ya mwisho iliyomo kwenye faili. Chumba kinaweza kuwaka moto na yenyewe itaona tano, tano, tano.

Nilisimama mlangoni. Ingewezekana kuondoka. Viatu vyangu vilikuwa vimeelekea nje, na kiti kile kilikuwa changu.

"Mstari wa kumi na nne," nikasema.

Hakugeuka. "Una nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kunitazama, akaandika, akafuta, akaandika tena, akang'oa betri ya kipimajoto kuijaribu. Simu zetu zikalia zote mbili. Ilimchukua dakika nne. Mimi ingenichukua siku mbili, na nisingejua pa kuanzia. Wivu ukanibana palepale, kwenye mbavu, mahali pake pa siku zote. Lakini nilikuwa nimekwisha sema.